Kuweka msaidizi kwenye gemu ya maisha sio chiti

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Nkuhungu, Dodoma. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mmezoea kupokea barua za maji, mabasi na bei ya mahindi, na maji yenyewe huku kwetu tunayajua vizuri tu, ila leo niacheni niongelee gemu. Nina kazi, nina mtoto, nina miwani, na gemu nacheza, kwa hiyo asije mtu akasema haya ni mambo ya watoto wa shule.

Jumamosi mwandishi wenu wa safu ya teknolojia kaandika kuhusu gemu za maisha, hizi ambazo unatengeneza mtu, unampa nyumba, kazi, marafiki, afu unamwongoza mpaka anazeeka. Sehemu kubwa kaandika vizuri na nimempenda. Ila alipofika kwenye hili la kuweka watu wengine ndani ya nyumba ili wamsaidie mhusika mkuu akasema huo ni ujanja wa mvivu, kwamba kama mtu anataka mteremko bora aandike tu chiti ya hela, yaani lile neno la siri linalokupa hela za bure ndani ya gemu, yaishe maana yote ni kudanganya. Hapo ndo tukaachana njia. Chiti ya hela na msaidizi ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayevichanganya mi nahisi hajawahi kulea kachanga kwenye Sims akiwa peke yake.

Kwa wasomaji ambao hawaijui, The Sims ya kwanza ilitoka Februari 2000, kaibuni Mmarekani mmoja anaitwa Will Wright na kampuni ya Maxis chini ya Electronic Arts. Ya pili ikaja 2004, ya tatu 2009, ya nne 2014, na hiyo ya nne tangu Oktoba 2022 unaishusha bure, yaani ile ya msingi, nyongeza zake ndo unalipia na haziishi. Wanachuo wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, waliopanga mtaani kwetu wanaishusha kwa bando la usiku maana ni mzigo kweli kweli, ukijaribu mchana bando linakata hata nusu hujafika. Ndani ya gemu mtu wako anaitwa Sim na ana mahitaji sita, njaa, choo, usingizi, usafi, burudani na watu wa kuongea nao, na yote yanashuka muda wote bila huruma. Juu ya hayo ana kazi yenye ngazi 10, ana ujuzi wa aina nyingi ambao mwingi unapanda mpaka levo 10, na ana ndoto ya maisha uliyomchagulia mwenyewe ulipomuumba, labda awe mchoraji mkubwa, labda awe tajiri, labda awe na ukoo.

Sasa twende kwenye hesabu maana hapa ndo penye ugomvi wetu. Ukicheza spidi ya kawaida dakika moja ya kwenye Sims 4 ni sekunde moja ya kwetu, kwa hiyo siku nzima ya Sim ni dakika 24 za saa ya ukutani, chai haijapoa siku imeisha. Kazini anakaa kama masaa nane. Kitandani weka saba, kitanda kikiwa cha bei rahisi zaidi ya hapo. Yanabaki tisa, na ndani ya hayo tisa apike, ale, aoshe vyombo, aoge, aende choo mara kadhaa, azibe bomba linalovuja, mtu kagonga mlango kaja kusalimia huwezi kumfukuza, afu ndo akae chini apige gitaa au asome ili kesho apandishwe cheo. Hesabu ya haraka haraka, muda wa kufanya kile ulichomuumbia anabaki nao masaa mawili matatu, na hapo hajaoa. Akioa ndo kabisa, mwenza naye anataka maongezi.

Chiti ya hela inafanyaje? Unabonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja, kinafunguka kiboksi, unaandika motherlode unapata simoleoni 50,000, ndo hela ya humo ndani, au unaandika rosebud au kaching unapata 1,000. Siwasemi wanaofanya hivo, kila mtu na kompyuta yake. Lakini hebu jiulize hizo 50,000 zinanunua nini. Jiko zuri, kitanda kizuri, TV kubwa ukutani. Saa hazinunui. Kitanda cha gharama kitakuokolea kidogo kwenye usingizi, bafu zuri kidogo kwenye kuoga, basi, siku bado ni ile ile na mtu ni yule yule mmoja mwenye mikono miwili. Nimeona Sim tajiri wa kutupwa amekaa sakafuni analia njaa kwenye jumba la ghorofa kwa sababu karudi kazini usiku, friji halina chakula kilichopikwa, na hata kupika hajui vizuri, akiwasha jiko linashika moto. Ukimweka msaidizi umeongeza masaa mengine 24 ndani ya nyumba ile ile. Hiyo ndo tofauti, na sio ndogo.

Na usiniambie watengenezaji hawakutaka iwe hivo. Tangu ile ya 2000 nyumba moja inaruhusu watu wanane. Kwenye ya nne ukianza na Sim mmoja unapewa simoleoni 20,000 na kila unayemuongeza anakuja na 2,000 zake juu, yaani gemu yenyewe inakulipa uje na ndugu. Upikaji pia wamekuwekea, mapishi mengi unachagua ya mtu mmoja, ya wanne au ya wanane. Nani anapika ya wanane kama kila mtu angetakiwa kuishi peke yake?

Kuna kisa kingine nakipenda kuhusu mwanzo wa hii gemu. Will Wright nyumba yake iliteketea kwenye ule moto mkubwa wa Oakland, California, Oktoba 1991, na wakati anaanza upya, ananunua kitu kimoja kimoja, ndo wazo likamjia. Mwanzoni ilikuwa iwe gemu ya ujenzi, unachora nyumba, unapanga vyumba na samani, basi. Vile vibinadamu viliingizwa ili viipime hiyo nyumba, vikizunguka humo ndani uone kama mpangilio unafaa au haufai. Baadae ikaonekana vyenyewe ndo utamu. Kwa hiyo ukitaka kufika mbali sana, Sim wa kwanza kabisa alikuwa msaidizi, mhusika mkuu alikuwa nyumba.

Haya, tuje kwenye kumchagua maana wengi wanakosea hapa afu wanasema mbinu ni mbovu. Msaidizi usimpe kazi ya kuajiriwa. Ukimpa kazi naye anaondoka asubuhi anarudi kachoka na una midomo miwili ya kulisha badala ya mmoja. Mwache nyumbani. Tabia mpe ya usafi, Sim msafi anafurahi akisafisha, hiyo peke yake ni nusu ya ushindi. Cha kwanza ajifunze kupika, cha pili kutengeneza vitu vilivyoharibika, na hiki cha pili watu wanakidharau. TV ikiungua akaenda kuigusa mhusika wako mkuu ambaye ujuzi wake wa ufundi ni sifuri anaweza kupigwa shoti, na akirudia akiwa bado hajakaa sawa anakufa, umepoteza mtu wa vizazi kwa sababu ya TV. Fundi wa nyumba awe msaidizi, apandishe levo kwa kuanzia na masinki na vyoo, umeme aende baadae.

Akishazoea jikoni unampa bustani. Bustani kwenye Sims 4 ikipandishwa ubora wa mimea inaleta hela nzuri kuliko ajira nyingi za ngazi za chini, na msaidizi yuko hapo hapo nyumbani. Au uchoraji, turubai anachora sebuleni, ikiisha unaiuza, hela inaingia kwenye akaunti ya nyumba ambayo ni moja kwa wote. Na akifika levo 10 kwenye baadhi ya ujuzi, piano kwa mfano au gitaa, anaweza kukaa pembeni ya mhusika mkuu akamfundisha na mwenzake akapanda haraka. Hapo sasa msaidizi hapunguzi kazi tu, anaongeza na elimu.

Kuhusu umri kuna mabishano. Wengine wanapenda kuweka bibi au babu, kwa sababu mzee akistaafu analetewa pensheni bila kutoka nje, ana muda, anapika, anakaa na wajukuu. Inavutia na ni sura ya nyumba nyingi za huku kwetu. Tatizo lake mzee anafariki katikati ya mambo, na akifariki nyumba nzima inaingia huzuni siku mbili tatu, mhusika mkuu anaenda kazini analia na kwenye huzuni utendaji unashuka. Mi nashauri msaidizi awe kijana, tena umtengeneze nyuma kidogo ya mhusika mkuu, maana ukiwapa umri mmoja watazeeka pamoja na siku unayomhitaji kwa ajili ya wajukuu naye anatembea na fimbo.

Kwa watoto ndo sitaki hata mjadala. Watoto wadogo wanaotembea walirudishwa kwenye Sims 4 Januari 2017 kwa apudeti ya bure, na vichanga vya kutambaa vikaja Machi 2023, bure pia, na tangu hapo mzazi mmoja aliyeajiriwa kwenye hii gemu anaishi kwa maombi. Mtoto anataka kulishwa, kuogeshwa, kufundishwa kuongea, kufundishwa poti, usiku anaamka. Ukimsahau na njaa anachukuliwa, na hakuna kubembeleza. Mtoto akifika levo 3 kwenye ujuzi wake wote kabla ya kukua anapata tabia ya ziada itakayomsaidia kujifunza maisha yake yote, na akifika mpaka mwisho anapata nzuri zaidi. Huyo mwandishi wenu anayesema mhusika ajitegemee, namuomba afikishe mtoto huko kwa mzazi mmoja anayeingia kazini saa tatu asubuhi, bila chiti, bila yaya, bila msaidizi. Akifanikiwa nitamnunulia zabibu kilo mbili, za Hombolo.

Najua atasema kuna mfanyakazi wa kuajiriwa ndani ya gemu. Ni kweli yupo, unapiga simu anakuja kusafisha anaondoka, tangu gemu ya kwanza yupo. Yaya yupo. Kwenye nyongeza ya 2016 kuna mpaka mhudumu wa suti anayekaa na wewe nyumbani. Lakini hao huwaongozi, wanafanya wanachojisikia, unamkuta mhudumu wa suti anaangalia TV na moto unawaka jikoni. Kuna mwingine anaitwa Bonehilda, ni kiunzi cha mifupa, alianza kwenye nyongeza ya gemu ya kwanza mwaka 2003 na akarudishwa kwenye ya nne Januari 2021. Anafanya kazi zote za ndani na mshahara hadai. Mfanyakazi asiyedai hata senti, na ni mifupa mitupu! Mi naonaga hapo walijisema wenyewe.

Njia nyingine nzuri ni kilabu, inakuja na ile nyongeza ya Desemba 2015. Unaanzisha kilabu cha watu hata wasiokaa kwako, unaweka shughuli za kilabu ziwe kusafisha na kulima bustani, unawaitia nyumbani kwako. Wanakuja wanalima. Kama ujima wa zamani vile, ila pombe hawadai. Hii inafaa kwa asiyetaka watu wengi ndani ya nyumba.

Na sio Sims peke yake. Waliocheza Harvest Moon ya PlayStation, ile Back to Nature ya 1999, wanawakumbuka vile vibilikimo vya msituni, unavipelekea zawadi mpaka vikuzoee, afu unaviomba vikumwagilie shamba, vikuvunie, vikutunzie mifugo. Urafiki kwanza, kazi baadae. Stardew Valley iliyotoka Februari 2016 ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, michoro yeye, muziki yeye, kuandika programu yeye, miaka zaidi ya minne. Kama kuna mtu duniani angesema kila mtu ajitegemee ni huyo. Lakini hata yeye kwenye gemu yake kaweka Junimo, unajenga kibanda chao kwa dhahabu 20,000 na vitu vingine, wanatoka wanakuvunia mazao yaliyo karibu, mvua ikinyesha hawatoki na kipindi cha baridi hawafanyi kazi. Na ukioa, kuna asubuhi unaamka unakuta mwenza kashamwagilia au kashalisha mifugo. Aliyefanya kila kitu peke yake ndo aliyejua peke yako ni tabu.

Sasa niwaseme na wa upande wangu, maana tunaharibu wenyewe. Wapwa zangu wanacheza kwa msaidizi lakini ukiangalia wanavyomweka unaona aibu. Jina wamempa Msaidizi, hivo hivo. Sura hawakuhangaika, wamebonyeza kile kitufe cha kubahatisha ikaja sura yoyote na nguo yoyote. Kitanda cha bei ya chini kuliko vyote, kimewekwa kwenye korido karibu na choo. Ndoto ya maisha wamemchagulia ya kwanza iliyotokea na hawajaiangalia tena. Afu wanashangaa mbona Msaidizi analala usingizi hauishi, mbona anaamka saa tano, mbona ana mudi mbaya.

Jamani kitanda kibovu kinarudisha nguvu polepole, hiyo ni gemu, sio huruma yangu. Masaa mliyomwekea nyumbani mnayala wenyewe kwa kitanda. Kwenye Sims ya kwanza na ya pili ilikuwa wazi zaidi, mtu akiwa na mudi ya chini ukimwambia asome au afanye mazoezi anakataa, anatikisa kichwa, anakuonyesha mahitaji yake yalivyo mekundu. Kwenye ya nne hakatai sana ila anajifunza taratibu na anapika vibaya. Mnunulieni kitanda kizuri na chumba chenye mlango, awe na dirisha, awe na kitu anachopenda ndani, mtaona tofauti ndani ya wiki moja ya gemu.

Hili nililiona vizuri kwa sababu ya dada wa nyumbani kwangu. Mi asubuhi natoka mapema kuwahi usafiri wa Mtumba, mtoto namwachia yeye, katoka upande wa Mpwapwa, na jioni akimaliza mambo yake huwa anakaa pembeni anaangalia ninavyocheza. Siku moja akauliza, dada, huyu anayepika kila siku anaitwa nani? Nikamwambia. Akauliza na yeye anataka nini? Nikafungua nikamwonyesha ndoto yake, kumbe ilikuwa uchoraji. Akasema sasa mbona hachori. Akaomba kipanya. Akamtoa jikoni yule dada wa kwenye gemu, akamnunulia ubao wa kuchorea kwa hela ya nyumba bila kuniomba ruhusa, akampanga asubuhi anapika chungu kimoja cha watu wanane anakiweka kwenye friji, mchana wote anachora. Nikataka kubisha nikaacha. Mhusika wangu mkuu ni mpishi wa mgahawa mwenye cheo cha katikati, na haikuchukua muda picha za yule msaidizi zikawa zinaingiza hela kumzidi mwenye nyumba. Chakula kipo kwenye friji, nyumba safi, na mudi yake juu muda wote kwa sababu anafanya anachokipenda. Mhusika mkuu akapata cheo bila kuharakishwa maana bili hazimbani tena.

Kwa hiyo kitaalamu kabisa, msaidizi mwenye ndoto yake anasaidia zaidi kuliko asiyekuwa nayo. Mchana anapata pointi za kuridhika anapotimiza vile vidogo vidogo anavyovitamani, na hizo pointi unamnunulia vitu, kuna cha kumfanya asipate njaa haraka, kuna cha kumpunguzia haja ya choo, na kila ukimpunguzia hitaji umepata dakika zingine. Hii wapwa zangu hawakuijua kwa sababu ukurasa wa Msaidizi hawajawahi kuufungua.

Na hapo ndo nikaona kwa nini mwandishi wenu anakosea kuita ujanja wa mvivu. Nani huku Dodoma kafika popote peke yake? Wanachuo wanne kwenye geto moja wanapika kwa zamu, mwenye mtihani wa UE kesho haguswi, wenzake wanabeba. Mbunge ana msaidizi. Mi mwenyewe nakaa ofisini nimetulia kwa sababu kuna mtu kanishikia nyumba, na huyo mtu amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea kima cha chini cha elfu 60 kwa mwezi akiwa analala kwa mwajiri, na wote tunazijua nyumba ambazo hata hiyo haifiki. Hakuna anayeniambia nimedanganya maisha kwa kuwa na dada nyumbani. Mtu anasema tu hongera kwa cheo. Gemu angalau inakuonyesha mistari yote ya mahitaji, ya mkuu na ya msaidizi, rangi ni zile zile, kijani na nyekundu, ukitaka kutoangalia ni wewe.

Tahadhari moja kabla sijamaliza, watu wanane ni wengi. Usije ukasoma hii barua ukajaza nyumba. Ukishavuka watatu unaanza kucheza gemu ya foleni ya choo, unasimamisha kila sekunde kumi upange nani afanye nini, na kwa hizi laptopu zetu za mtumba feni inapiga kelele mpaka jirani anauliza. Mhusika mkuu mmoja, msaidizi mmoja, mtoto akija ongeza wa pili. Wakati mwingine wote wawili waende kulala kwa pamoja uikimbize spidi ya tatu usiku upite. Na ile sehemu ya mipangilio inayowaruhusu kujiamulia wenyewe usiizime kwa msaidizi, mwache ajiamulie, mara nyingi ataenda kusafisha mwenyewe hasa ukimpa ile tabia ya usafi niliyosema, mhusika mkuu ndo unaweza kumbana.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba huyo mwandishi wa safu apewe Jumamosi nyingine aandike tena hili jambo, safari hii akiwa amecheza pande zote mbili, nyumba moja ya mtu peke yake na moja yenye msaidizi, atuwekee na picha. Na kama nafasi ipo aeleze pia gemu za simu, maana huku wengi hawana kompyuta, ile Sims FreePlay ya simu kulala na kulima kunaenda kwa masaa halisi ya dunia hii, unamtuma mmoja alale unahamia kwa mwingine, huko bila watu wengi husogei kabisa na sijui hapo angesema nani mvivu. Wanachuo wa mtaani kwetu wamenituma nimwambie wanamsubiri, na mmoja wao anabisha kwamba mzee mwenye pensheni bado ni bora kuliko kijana. Hilo nalo alitolee hukumu.

Wenu,
Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma